Ratili Arobaini za Marlys Ronning

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama una chungu jikoni, punguza moto, uje ukae. Leo tunamkumbuka Marlys Ronning.

Marlys Ronning, mpishi wa shule yetu hapa Norby kwa miaka thelathini na mmoja. Alifariki Jumatano iliyopita, usingizini, akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Tulimzika jana. Ardhi bado ilikuwa ngumu kwa baridi, na wachimbaji walihangaika tangu asubuhi.

Wengi wenu mmekula mkononi mwake. Mnajua ukali wake, mnajua mwiko wake wa mti. Lakini leo sizungumzii chakula cha shule. Nazungumzia miezi saba tu ya maisha yake, miaka kumi na mmoja iliyopita. Miezi saba ambayo Marlys aliogopa kila siku, kutoka kuamka hadi kulala, na hapa mjini hakuna aliyejua. Mwenyewe ndiye aliyenisimulia. Aliniambia, "Nikiwa hai, funga mdomo. Nikiondoka, sema." Nimefunga mdomo miaka kumi. Kwa mtu wa redio, hiyo si kazi ndogo.

Ilianza kwa mdogo wake, Duane. Mnamjua Duane Ronning, fundi wa matrekta. Mafigo yake yalikuwa yamekufa. Mara tatu kwa wiki alikuwa anapelekwa mbali, kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikuwa akirudi na rangi ya majivu, amelala garini mdomo wazi. Madaktari wakasema moyo wake umeanza kuchoka. Apate figo kabla ya theluji kuyeyuka. Baada ya hapo hawaahidi kitu.

Marlys akapimwa. Damu ikalingana. Kila kitu kikalingana, isipokuwa kimoja. Uzito.

"Mama, ukiwa na uzito huu hatuwezi kukupasua," muuguzi alimwambia. "Ni hatari kwako. Punguza ratili arobaini, taratibu, kwa mpangilio wa chakula tutakaokuandikia kwenye karatasi. Tukupime katikati ya Februari. Ukifika, tunaendelea. Usipofika, tunasimama."

Ratili arobaini. Ulikuwa mwezi wa Julai. Ratili arobaini kabla ya katikati ya Februari.

Duane alikataa. Mnatujua watu wa huku. Mtu akikukaribisha hata kahawa, unakataa mara mbili, na ya tatu ndiyo unapokea. Basi hata figo lilipita njia hiyo hiyo, mezani kwa Marlys.

"Dada, acha hayo. Baki na figo lako."

"Ninayo mawili."

"Utayahitaji."

"Kwani nayafuga, Duane? Unataka au hutaki?"

Mara ya tatu Duane hakusema hapana. Alimsogezea kikombe. Kisha akasema, "Kunywa kahawa yako, inapoa." Kwetu huku, wasikilizaji, hiyo ni asante iliyotoka chini kabisa ya moyo.

Sasa, ile karatasi ya chakula. Protini kila mlo. Mboga kwa wingi. Wanga kidogo, mafuta kidogo. Karatasi ilitaja samaki mwekundu wa kuoka na nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Marlys aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Huyu samaki ameiona pensheni yangu?" akauliza.

Akajifunga mkanda. Kila Jumatano, duka likifunguliwa tu, alikuwa amesimama mbele ya bucha ya Orrin Selvig. Jumatano ndiyo siku ambayo Orrin anabandika karatasi za rangi ya chungwa, za kupunguza bei, kwenye nyama inayokaribia siku yake ya mwisho.

"Marlys, hujaniacha hata nivae aproni."

"Vaa huku unabandika. Hicho kifua cha bata mzinga, mbona hakina karatasi?"

"Hicho ni cha kesho."

"Orrin, mtazame vizuri. Huyo kesho haioni."

Orrin ananiambia alikuwa anabandika huku anacheka. Hakujua hofu iliyokuwa chini ya koti la yule mama.

Na hapa redioni tulikuwa naye kila Ijumaa saa nne asubuhi, kwenye kile kipindi chetu cha Nipe Nikupe, mnapopiga simu kubadilishana vitu. Kabati lake lilikuwa limejaa vitu ambavyo sasa hakuruhusiwa kuvigusa. Alipiga simu akasema, "Nina paketi kumi na nne za tambi, unga na sukari. Nataka chochote kilichowahi kuwa na miguu." Nilicheka hadi nikakohoa. Jioni yake alipata kuku sita wazee, wale wa mayai waliochoka kutaga. Wagumu kama viatu. Marlys aliwachemsha tangu asubuhi hadi mchana, akachambua nyama, akarudisha mifupa sufuriani, akapikia maharagwe kwa ule mchuzi. Jirani alimpa nyama ya kulungu, akaisaga. Maziwa ya unga yasiyo na mafuta, yale ya bei ya chini kabisa, aliyakoroga kwenye uji wa shayiri, kwenye supu, hata kwenye mayai.

Kila alichopika alikigawa kwenye vibakuli na kukipeleka friza, kule chini ya nyumba. Na kila kibakuli alikibandika utepe wa karatasi wenye mistari mitatu, kama alivyofanya shuleni kabla ya kustaafu. Mstari wa kwanza, chakula gani. Wa pili, tarehe. Wa tatu, cha nani. Shuleni aliandika "darasa la pili" au "walimu". Nyumbani alikuwa anaishi peke yake. Bado aliandika: kuku na maharagwe, Septemba tatu, Marlys.

Mizani hakuwa nayo. Alikuwa anakwenda Jumamosi kwenye duka la vyakula vya mifugo, anapanda mizani ya magunia, mbele ya wanaume walionunua mahindi ya ng'ombe. Alivua koti. Alivua viatu. Alivua hata miwani, mpaka ikabidi asomewe. Oktoba mizani ilikwama wiki tatu. Wiki tatu nzima, namba ile ile. Akitoka pale alikuwa anapitia kwa Duane, anaona shingo yake ilivyokonda ndani ya kola, anarudi nyumbani kupima maharagwe kwa kikombe. Alikuwa akila kipande cha mkate anahisi amemwibia mdogo wake. Hiyo ilikuwa hofu ya kwanza. Hofu kwamba hataweza.

Krismasi ikapita. Januari ikapita. Ratili thelathini na saba zikawa zimeondoka. Zikabaki tatu.

Na hapo, wasikilizaji wapendwa, hofu ikahama.

Marlys alipokuwa na miaka kumi na mmoja, mama yao alikwenda hospitali kupasuliwa nyongo. Jambo dogo, waliambiwa. Mama alitoka nyumbani na mkoba wake wa kahawia mkononi. Siku mbili baadaye baba alirudi na ule mkoba. Mama hakurudi. Mkoba ulikaa juu ya meza ya jikoni wiki nzima, na hakuna aliyethubutu kuusogeza. Duane alikuwa na miaka minne, hakumbuki. Marlys alikumbuka.

Ratili zilipokuwa nyingi, kisu kilikuwa mbali. Zilipobaki tatu, kisu kikawa chumbani. Usingizi ukamruka. Na ndipo alipoona kitu ambacho, alivyoniambia, kilimtisha kuliko hata kisu chenyewe. Aliona kwamba mlango upo wazi. Akishindwa kwenye mizani, hatapasuliwa. Na hakuna atakayemlaumu. Watu watasema, maskini Marlys, alijitahidi jamani, mwili tu umekataa. Watamletea maua. Na Duane atakufa, na yeye ataishi, na siri itabaki kati yake na sahani.

Ilikuwa Ijumaa, tarehe tisa Februari. Kupimwa ni Jumanne. Theluji ilianguka tangu alfajiri, barabara hazionekani. Marlys akaingia jikoni akapika sinia la viazi. Mnalijua. Nyama ya kusaga yenye mafuta yake chini, supu nzito ya uyoga ya kopo, jibini, halafu vile viazi vidogo vya kukaanga juu, vimepangwa mstari kwa mstari. Chakula cha watu kumi na wawili. Mikono ilifanya yenyewe, alisema. Alipolitoa kwenye oveni likitoa mvuke, ndipo akaelewa amepika nini na kwa nini.

Akakimbilia simu.

Saa nne na dakika ishirini, mimi ndiye niliyepokea. Hewani. Mji mzima mnasikia.

"Nina sinia la viazi," akasema. "La moto. Halijaguswa."

"Ehe, Marlys! Na badala yake unataka nini leo? Kuku wengine wastaafu?"

"Sitaki kitu. Mtu aje alichukue. Aje sasa hivi."

Sauti yake ilitetemeka. Niliisikia. Naapa niliisikia. Nikacheka. Nikasema, "Jamani wasikilizaji, theluji imefika kwenye madirisha, na Marlys Ronning anakimbizwa na viazi nyumbani kwake!" Nikaweka wimbo.

Hakuna aliyekwenda. Nani angekwenda, nami nimeshageuza kilio kuwa mzaha?

Marlys alikata simu akavuta kiti. Akakaa mbele ya sinia, uma mkononi. Alikaa hadi jibini ikaganda juu. Hakuniambia alikuwa anawaza nini. Aliniambia tu kwamba hajawahi kuogopa hivyo, si kabla wala baada, na kwamba hata chumba cha upasuaji chenyewe hakikufikia kile kiti. Kisha akasimama. Kumwaga chakula hakuweza, mpishi wa shule hamwagi chakula. Akafunika sinia kwa karatasi ya bati, akakata utepe, akaandika mistari yake mitatu, akashuka nalo ngazi hadi kwenye friza. Akapanda juu, akapasha kibakuli cha kuku na maharagwe, akala amesimama.

Jumanne alipanda mizani ya hospitali. Ratili arobaini na nusu. Amepita kwa nusu ratili.

Siku ya upasuaji muuguzi alimwuliza, "Mama, mkoba wako uko wapi tuutunze?" Marlys akajibu, "Hospitalini sibebi mkoba." Aliingia akiwa anaogopa, wasikilizaji. Msije mkasimuliwa kwamba aliingia akitabasamu. Akatoka salama. Baada ya siku chache mashavu ya Duane yakarudi rangi ya mtu. Jana alikuwa kanisani benchi la mbele, ana miaka sitini, ananguruma nyimbo kwa sauti yake mbaya.

Mwaka mmoja baadaye Marlys alikuja hapa studio akanisimulia yote, amekaa kiti hiki cha pembeni yangu. Nikamkaribisha kahawa. Akakataa mara mbili, akanywa.

Jana, baada ya mazishi, Duane aliniomba nikamsaidie kutoa vitu kwenye friza ya dada yake. Tulitoa vibakuli, kimoja kimoja, kila kimoja na utepe wake. Chini kabisa, chini ya mifupa ya supu, palikuwa na sinia. Karatasi ya bati imeota barafu nene kama mkono. Duane akafuta utepe kwa kidole gumba. Mstari wa kwanza: viazi na nyama. Wa pili: Februari tisa, na mwaka. Wa tatu, cha nani. Hakuandika Marlys. Aliandika: Duane.

"Ona," Duane akasema, "alinipikia akasahau kunipa. Dada huyu!" Akacheka kidogo.

Ilibidi nimwambie. Nilimwambia pale pale, barafu ikituyeyukia mikononi. Nilimwambia kuhusu simu, kiti, uma na mkoba wa kahawia. Nilimwambia hata kuhusu kicheko changu. Duane akakaa kwenye ngazi.

"Mimi nilidhani haogopi kitu," akasema mwishowe. "Ningejua anaogopa hivyo, ningekataa na mara ya tatu."

"Ndiyo maana hakukwambia."

Alichukua sinia, akalirudisha friza, chini kabisa, pale pale lilipokuwa. Akaufunga mlango kwa mikono miwili. Na ndiye aliyeniruhusu niwasimulieni leo.

Duane, na ukoo wote wa Ronning, pokeeni pole zetu, sisi wa redio hii na mji mzima wa Norby. Marlys Ronning, miaka sitini na saba. Ratili arobaini na nusu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, nina moja tu la kuwaomba mlifikirie. Ijumaa saa nne kipindi cha Nipe Nikupe kitakuwepo kama kawaida. Huenda mtu akapiga simu kuomba kitu cha ajabu, kitu kisicho na maana, na sauti yake ikatetemeka. Mimi huenda nikacheka, nimezoea. Ninyi msinisikilize. Vaeni viatu, mwende.