Mama Rosa Nabututu Ouma, Aliyesindikiza Wengine Kwenye Kipimo

Leo, Jumamosi tarehe 23 Novemba 1996, boma la Mzee Dalmas Ouma hapa karibu na Usenge limejaa watu wa pande mbili: watu wa ziwani, na watu waliotoka Bungoma kumsindikiza binti yao. Maisha ya Mama Rosa yanasomwa kwa Kiswahili ili kila upande usikie. Hata yeye angependa hivyo, maana ndiyo lugha aliyochumbiwa kwayo.

Rosa Nabututu alizaliwa tarehe 9 Machi 1938 katika kijiji kilicho chini ya Mlima Elgon, upande wa Kimilili, Wilaya ya Bungoma. Alikuwa mtoto wa pili wa hayati Mzee Waliaula na hayati Mama Dorca. Mama yake alizoea kusimulia kwamba mtoto huyu alifika kabla mkunga hajafika, na kwamba haraka aliyozaliwa nayo haikumtoka tena.

Mwaka 1947 aliingia shule ya misheni iliyokuwa karibu na nyumbani, akasoma hadi darasa la nne. Baba yake alipougua, Rosa alirudi nyumbani kusaidia shambani. Hakulalamika. Alikuwa amekwisha kujua kusoma, na kwa maisha yake yote alisoma Biblia kwa sauti, polepole, kidole kikifuata mstari. Hicho ndicho kitu pekee alichokifanya bila haraka.

Mnamo mwaka 1956 fundi mwashi kijana kutoka Usenge, Dalmas Ouma, alikwenda Kimilili kujenga madarasa. Rosa alikuwa mmoja wa wasichana waliobeba maji ya kuchanganyia saruji. Dalmas hakujua Kibukusu, Rosa hakujua Kijaluo, na Kiswahili chao wote wawili kilikuwa cha kuokoteza. Inasemekana neno la kwanza Dalmas alilomwambia lilikuwa, "Maji kidogo," na Rosa akajibu, "Beba yako mwenyewe." Walifunga ndoa kanisani tarehe 14 Desemba 1957. Watu wa hapa wakamwita Nyar Bungoma, binti wa Bungoma, na kwa jina hilo akaheshimiwa. Mungu aliwajalia watoto watatu: Lornah, Dishon na Dorca.

Kazi za ujenzi zilimpeleka Mzee Dalmas Kisumu, na mwaka 1965 familia ikahamia Nyamasaria. Huko Mama Rosa alianza biashara ya samaki. Asubuhi alikuwa ufuo wa Dunga akichagua ngege, samaki wa ziwani, kutoka kwa wavuvi, na mchana alikuwa sokoni mjini na beseni lake, kando ya rafiki yake mkubwa, Mama Benta. Lakini wengi waliopo hapa wanamkumbuka kwa kazi isiyokuwa na mshahara. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa kiongozi wa wapishi wa kina mama wa kanisa lake. Palipotokea msiba, Rosa alifika na mwiko wake mrefu kabla hema halijasimamishwa. Alijua kulisha watu wengi bila kupiga kelele. Alionja kila sufuria kwa kumimina mchuzi kiganjani, akalamba, akatikisa kichwa au akaguna. Yeye mwenyewe alikula mwisho, akiwa amesimama, ukoko na mchuzi wa chini uliokolea chumvi.

Mwezi wa Mei 1983 Mzee Dalmas alitokwa na damu puani akiwa kazini, nayo haikutaka kukatika. Katika zahanati ya kanisa, Sista Beldina, muuguzi ambaye familia hii inamshukuru hadi leo, alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akapuliza hewa kwa mpira, akasikiliza. Presha ilikuwa juu sana. Mzee alipewa vidonge, akaambiwa apunguze chumvi na mafuta, aache sigara, na arudi kila mwezi.

Alifanya kama wanaume wengi wa umri wake. Kichwa kilipouma alimeza, kilipopoa aliacha. Vidonge vilivyobaki aliviweka mfukoni, na fundi mwenzake akilalamika kizunguzungu, alimgawia kama mtu anavyogawa njugu. Mama Rosa alipogundua hakugombana. Alimuuliza tu wakiwa mezani:

"Baba Lornah, moyo wako huwa unaenda likizo?"

"Likizo gani? Ukienda likizo si nimekufa?"

"Basi na dawa yake isiende likizo. Meza nikuone."

Tangu asubuhi ile alimpa kidonge kwa mkono wake pamoja na chai, akasimama hapo hadi kimeshuka. Nyumba nzima ilibadilika. Samaki wa kukaangwa wakawa wa kuchemshwa kwa nyanya na ndimu. Mafuta mazito ya kuganda yaliondoka jikoni. Sigara zilikwisha kwa vita vya mwaka mzima, na Mzee mwenyewe anakubali kwamba alishindwa vita hivyo. Jioni walitembea pamoja kando ya barabara ya Nairobi, yeye mbele, Mzee nyuma akinung'unika kwamba hajawahi kuona mtu mwenye akili akitembea bila pa kwenda.

Alichojifunza kwa mume wake alikipeleka misibani. Mwaka 1987 alianza kupika sufuria moja ya nyama bila chumvi, na chumvi akaiweka pembeni kwenye sahani. Jambo hilo lilileta maneno. Kumpa mgeni chakula kisicho na chumvi, tena matangani, kuliwaudhi wengi. Mzee Obiero, jirani wa Nyamasaria ambaye yuko hapa leo, aliinua sahani yake juu mbele za watu.

"Hii nyama imepikwa na nani? Amekosana na chumvi?"

Mama Rosa alimletea sahani ya chumvi kwa mikono miwili. "Hii hapa, Mzee wangu. Jiwekee mwenyewe, ndio siku ukianguka wasiseme ni Rosa."

Watu walicheka, na Mzee Obiero akacheka nao. Msiba uliofuata alipita nyuma ya jikoni kimyakimya, akaomba apakuliwe kutoka sufuria ile.

Kila mwezi, mwaka baada ya mwaka, Mama Rosa alimpeleka mume wake kliniki ya presha. Walikaa benchi moja. Mzee alikunja mkono wa shati, akapimwa, wakapewa dawa. Na karibu kila mara Sista Beldina alimgeukia mama.

"Na wewe, mama? Leta mkono."

"Mgonjwa ni huyu, Sista. Mimi nimemsindikiza tu."

"Ni dakika moja."

"Dakika moja samaki wangu wameoza. Nitakuja siku nyingine."

Akacheka, akainua beseni lake, akaenda. Hakuwa mtu wa kudharau dawa. Hakuna aliyeiamini kuliko yeye. Aliona tu kwamba mahali pake kwenye benchi lile ni pa msindikizaji. Alilinda moyo wa mwenzake kwa zaidi ya miaka kumi bila kuuliza habari za moyo wake mwenyewe.

Mwaka 1994 miguu yake ilianza kuvimba. Alisema ni kusimama sana motoni, akakata viatu vyake vya mpira kwa kisu ili vimtoshe. Kifua kilipobana, alisema ni moshi. Kisha pale Dunga, akipanda kutoka ufuoni na samaki kichwani, alianza kusimama njiani akijifanya anaongea na watu. Mama Benta hakudanganyika.

"Rosa, mbona unahema kama umebeba mtumbwi?"

"Ni uzee, Benta."

"Uzee gani, na mimi nimekushinda miaka?" Mama Benta alimtua beseni, akalikalia. "Hili ninakaa nalo. Ukitaka samaki wako, upitie kwanza kwa Sista."

Siku hiyo Mzee Dalmas ndiye aliyekuwa msindikizaji. Sista Beldina alimpima Mama Rosa mkono wa kushoto, akampima wa kulia, kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali ya mkoa. Huko daktari alimweleza kwa upole kwamba moyo wake ulikuwa umepanuka kwa kusukuma damu kwenye presha kubwa kwa muda mrefu. "Hii presha si ya jana, mama. Ni ya miaka."

"Na isingeweza kuonekana mapema?"

"Ingeonekana kwa kipimo. Haipigi hodi."

 Mama Rosa akauliza, "Na mzee wangu? Moyo wake ukoje?"

Daktari alitazama kadi ya Mzee. "Huyu ametunzwa vizuri sana."

"Basi sikukosea yote," alisema.

Dawa zilimpa miaka miwili ambayo familia inamshukuru Mungu kwayo. Alipunguza mzigo, alilala ameegemea mito, alikula kutoka sufuria yake mwenyewe isiyo na chumvi. Kanisani aliomba nafasi ya kusema na wapishi wenzake, akawaambia bila kujificha: "Mimi niliwapeleka watu kupimwa, nikabaki nje ya mlango. Msinifuate."

Mwezi wa Oktoba mwaka huu maji yalimjaa tena miguuni na kifuani, akalazwa hospitali ya mkoa. Wauguzi walimtunza kwa upendo. Kila Mzee Dalmas alipoingia wodini saa ya kutazama wagonjwa, hakusalimiwa kabla hajaulizwa, "Umemeza?" Katika siku zake za mwisho Mama Rosa alimuuliza binti yake Lornah nani atapika atakapozikwa. Lornah alilia. Mama alingoja amalize.

"Nimeuliza nani atapika."

"Mama Benta na wenzake."

"Sista Beldina awapime kwanza. Wote. Asiyepimwa asiguse mwiko wangu."

Mama Rosa alifariki Alhamisi tarehe 14 Novemba 1996, saa tisa alasiri, kwa ugonjwa wa moyo ulioletwa na presha. Yeye mwenyewe aliomba ugonjwa huo utajwe kwa jina lake, ili mtu yeyote asibaki akinong'ona kwamba alirogwa, kwamba alitupiwa kitu njiani.

Ombi lake la mwisho halikupita kirahisi. Juzi Alhamisi Sista Beldina alifika hapa bomani na kipimo chake, na kina mama walikuwa wamesimama kando ya mafiga yasiyo na moto. Mzee Oketch, kaka mkubwa wa Mzee Dalmas, alikataa.

"Hii ni matanga, si hospitali. Kupima watu hapa ni kuita kifo kingine."

"Shemeji," Mama Benta alisema, "bila kupimwa mimi sipiki. Rosa alisema."

"Basi watu walale njaa?"

"Walale."

Hakuna aliyesogea. Mzee Dalmas alikuwa amekaa kivulini upande wa nyumba. Tangu mkewe afariki alikuwa hajameza kidonge hata kimoja, na watoto walipomsihi aliwajibu, "Namezea nani?" Aliinuka polepole, akaja hadi kwenye kiti cha Sista, akakaa, akakunja mkono wa shati.

"Anza na mimi."

Sista alipima. Alipomaliza aliinama karibu naye. "Mzee, imepanda. Umeacha."

"Nimeacha."

"Mama alikuchunga miaka yote hiyo. Sasa nani atakuchunga?"

Mzee alitazama jiko, akawatazama wanawake wale, akawatazama watoto wake. "Nitajichunga," alisema. "Lornah, leta maji."

Alimeza mbele ya wote. Mama Benta akanyoosha mkono, na wengine wakapanga foleni nyuma yake. Mama Seline, mpishi mwenzao ambaye hajawahi kulalamika hata kuumwa kichwa, presha yake ilikutwa juu, na Jumatatu atakwenda kliniki pamoja na Mzee Dalmas, wamekubaliana. Moto uliwashwa. Mzee Oketch alizunguka, akakohoa, mwishowe akaja kusimama mwisho wa foleni. "Kama mmewapima hawa wote," alisema, "mimi ninaachwa kwa nini?"

Mama Rosa ameacha mume, Mzee Dalmas Ouma. Watoto Lornah, Dishon na Dorca. Wakwe na wajukuu. Kaka yake, Mzee Wepukhulu Waliaula wa Kimilili. Shemeji zake wa Usenge. Na kina mama wa jikoni, ambao sasa kila mmoja wao anajua presha yake.

Familia inawashukuru wauguzi na madaktari, kanisa, majirani wa Nyamasaria na wafanyabiashara wa samaki wa Dunga. Jumatatu kliniki inafunguliwa saa mbili asubuhi.

Bwana alitoa, Bwana ametwaa. Mama Rosa, Nyar Bungoma, ulale kwa amani.