Daftari Lenye Tika Kumi na Nne

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu ya North Hill. Mchungaji uliyetuachia ukumbi huu kila Jumamosi kwa miaka kumi na miwili. Wazee wangu mlioapa mwaka huu, na ninyi ambao bado mnasubiri barua. Ndugu wageni waalikwa, habari za mchana.

Kosa ambalo wengi wetu hufanya tunapojiandaa kwa mtihani wa uraia wa Marekani ni kuchagua kitabu kwa kumtazama aliyekisoma. Fulani amefaulu, basi kitabu chake ndicho kitabu. Hatuulizi kiliandikwa lini. Hatuulizi huyo fulani alikuwa na umri gani, alifanya mtihani upi, alijibu kwa lugha gani. Tunauliza jambo moja tu, kama alifaulu, na tukiambiwa ndiyo, tunanyoosha mikono miwili kukipokea.

Nimeitwa hapa niwaage, kwa kuwa kuanzia Jumamosi ijayo darasa hili litakuwa na mwalimu mwingine. Ningeweza kuwasimulia miaka yote kumi na miwili, lakini chai ingepoa na mngenichukia. Nitawasimulia miezi michache tu ya dada yetu Kausila Timsina, yule aliyeketi mstari wa pili, mwenye shali ya njano. Nilimwomba ruhusa. Alinijibu, "Sema yote, Mwalimu, ila usiwaambie kwamba nililia." Mimi sikumwona akilia, kwa hiyo sina la kuficha.

Wengi wenu mnalijua daftari la jalada la kijani. Wa kwanza kulitumia alikuwa Mzee Nar Bahadur Mongar. Alipofaulu alilipaka tika jaladani, mchele uliochanganywa na unga mwekundu, kama tunavyompaka mtu usoni tunapomtakia heri, kisha akamkabidhi jirani yake kwa mkono wa kulia. Jirani naye akafaulu, akaongeza tika yake. Likaenda hivyo nyumba hadi nyumba. Lilikaa rafuni pamoja na picha za miungu, na mguu wa mtu ukiligusa kwa bahati mbaya, mwenye mguu aliligusisha kwenye paji la uso kuliomba radhi. Lilipofika kwa dada Kausila lilikuwa na tika kumi na nne, na ukijani wake ulikuwa hauonekani tena.

Ndani yake mna maswali mia moja ya mtihani wa zamani, kwa Kiingereza, ila yameandikwa kwa herufi zetu za Kinepali, ili mtu asiyejua Kiingereza aweze walau kukitamka. Dada Kausila, mwenye miaka sitini na saba, aliyashika yote mia moja kwa mfuatano wake, kama mtu anavyoshika sala. Mkwe wake Pabitra anasema alikuwa akiyatamka huku anachambua dengu, na dengu zikiisha kabla ya swali la mia, alizimwaga na kuanza kuzichambua upya.

Kwa nini alijitesa hivyo? Ana dada mkubwa, Dambar, aliyebaki Jhapa, kule Nepal, kwenye kambi ya wakimbizi, sisi tulipopanda ndege. Macho ya Dambar yalikuwa yakififia. Kwa miaka mingi watu walimwambia Kausila atafute namna yoyote ya karatasi aende akamwone, naye akajibu neno lilelile: "Tuliachana sote hatuna nchi. Siendi kumwonyesha kwamba bado sina." Alitaka afike na pasi ya kusafiria mkononi, na alitaka afike Dambar angali anaona.

Siku ya usaili ikafika, akapelekwa Cleveland, kwenye ofisi ya uhamiaji. Kwa umri wake na miaka yake kumi na mitano ya ukaazi, dada Kausila alikuwa na haki ya kufanya mtihani kwa Kinepali, na fomu yake ilionyesha hivyo, maana kijana wa kujitolea aliyemjazia aliweka alama mahali pake. Barua ilimwambia aje na mkalimani, naye akaja na mkalimani, akidhani huyo ni wa salamu na mazungumzo, na kwamba mtihani wenyewe utakuwa kama ulivyo kwenye daftari.

Afisa akaanza na fomu. Akauliza tarehe ya kuzaliwa. Dada Kausila akasema, "Mwezi wa Mangsir, mpunga ulipokuwa unavunwa."

"Hapa pameandikwa Januari mosi," afisa akasema. "Nani amekosea?"

"Karatasi."

Msicheke sana. Humu ukumbini nusu yetu tumezaliwa Januari mosi, na majirani zetu Wamarekani wanadhani ni muujiza. Kambini aliyetuandikisha alikuwa na foleni ndefu, na asiyejua tarehe ya Kizungu alipewa hiyo. Lakini dada Kausila alikuwa ameapa kusema kweli, na fomu yenye sahihi yake ilikuwa inasema jambo jingine, na afisa alikuwa na kila sababu ya kuweka kalamu chini.

Kisha yakaja maswali ya uraia, kwa Kinepali. La kwanza aliposomewa, alimgeukia mkalimani akamwuliza, "Hilo ni swali la ngapi?"

"Hayana namba, mama."

"Niambie namba, nitakujibu."

Majibu yalikuwa kichwani mwake, yote, lakini yalikuwa sauti za Kiingereza zilizopangwa kwa foleni, na hakuna hata moja iliyojua kuitikia Kinepali. Swali moja alilifahamu vizuri, la gavana wa jimbo letu. Akalijibu kwa nguvu, kwa jina la gavana aliyekuwa ameondoka zamani. Alirudi nyumbani na karatasi inayosema ataitwa mara ya pili, na sote tunajua kwamba ukianguka ya pili unaanza upya, fomu, alama za vidole na kusubiri kwenyewe.

Sasa niseme ninalopaswa kusema mbele yenu. Daftari lile nililiandika mimi. Nililiandika kwa ajili ya Nar Bahadur peke yake, ambaye wakati ule alikuwa hajafikisha miaka ya kusamehewa Kiingereza, na lilimfaa. Mtihani ulipobadilika, maswali yakawa mia moja na ishirini na nane, na ya kuulizwa yakawa ishirini badala ya kumi, niliwatangazia wa darasani. Sikwenda nyumba kwa nyumba kulidai daftari langu. Nilijua linazunguka. Kila niliposikia tika nyingine imeongezwa, nilifurahi.

Nilipokwenda kwa dada Kausila kulichukua, alilikumbatia.

"Mwalimu, unataka nitupe kitabu chenye tika kumi na nne?"

"Sikwambii ukitupe. Nakwambia usikisome. Kirudishe kwa miungu."

"Miungu ndiyo itafanya mtihani?"

Pabitra akadakia kutoka jikoni, "Miungu ilishapata uraia zamani, Mama. Uliyebaki ni wewe."

Akacheka, akaliachia. Ndipo nikauliza iko wapi nakala ya fomu yake. Ilipatikana ndani ya sanduku la bati, chini ya kadi za chanjo, imekunjwa vilevile ilivyokunjwa siku ya kutumwa. Hakuna aliyewahi kumsomea. Je, kuna kitabu gani kinachomhusu mtu kuliko fomu aliyoitia sahihi mwenyewe? Afisa ameiweka mezani, anaipitia mstari kwa mstari, na mwenye fomu ndiye mtu pekee chumbani asiyejua kilichoandikwa.

Pabitra akaisoma kwa Kinepali, kidogo kidogo, kila siku baada ya wali. Walipofika penye swali la kama yuko tayari kubeba silaha kwa ajili ya nchi sheria ikitaka, dada Kausila alisema, "Waambie nina goti."

"Wanauliza kama uko tayari, Mama. Hawajakuita."

"Basi niko tayari. Goti ndilo halijawa tayari."

Maswali ya uraia tuliyachukua kwenye orodha mpya ya idara yenyewe, ambayo hutolewa bure, na majina ya wakubwa tuliyahakikisha wiki ileile ya usaili, kwa sababu wakubwa hubadilika. Pabitra aliyauliza kwa kuyachanganya, leo la sabini, kesho la tatu, na kila jibu alilidai pamoja na maana yake. Dada Kausila alilalamika kwamba anafundishwa na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kupika. Akajifunza.

Mara ya pili alipoulizwa tarehe ya kuzaliwa, alisema, "Karatasi zangu zote zinasema Januari mosi. Mama yangu alisema Mangsir. Aliyeniandikisha kambini alikuwa na haraka." Afisa aliandika maelezo hayo pembeni, akaendelea. Majibu sahihi yalipofika kumi na mawili, aliacha kuuliza, kwa kuwa hayo yanatosha. Dada Kausila akamwambia mkalimani, "Mwulize mbona ameacha. Ninayo mengine."

Aliapa mwezi wa nane. Pasi anayo, na mwezi ujao anasafiri.

Kati ya usaili wa kwanza na wa pili zilipita siku sabini na moja. Katika siku hizo, kwenye simu ya picha, Dambar alimwuliza, "Kausila, bado umekaa hapo au umeondoka?" naye alikuwa amekaa palepale, uso kwa uso. Sisemi kwamba daftari lilimpofusha mtu. Daktari wa Jhapa anasema macho yale yalikuwa yanakwenda huko tangu zamani. Nasema tu kwamba angefaulu mara ya kwanza, pasi ingekuwa mkononi mapema zaidi, na siku sabini na moja hazirudishwi na mimi wala na afisa. Nilimweleza hivyo dada Kausila. Akanijibu, "Atanishika uso. Uso utakuwa umezeeka, ila pua ataijua."

Mwalimu mpya wa darasa hili ni Pabitra, na hamhitaji maelezo zaidi kumhusu.

Nakushukuru Mheshimiwa, nakushukuru Mchungaji, na ninyi nyote nawashukuru kwa kunitegea masikio mzee kama mimi, mchana wa leo na Jumamosi zote zilizopita. Wenye fomu zilizokwisha kutumwa, leo hii mkifika nyumbani, kabla ya kuweka chai jikoni, toeni nakala ya fomu yenu na mmwombe mtu awasomee ukurasa wa kwanza kwa Kinepali.