Shangazi Taratibu na Kamani ya Saa ya Mkunga

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye meza ya tatu, ile ya dirishani, Shangazi Taratibu anastaafu Ijumaa hii, tarehe ishirini na nane. Karakana yetu ya saa itampa maua na kiti cha kupumzikia. Vizuri. Lakini ofisi iliponipa kazi ya kuandika wasifu huu, ilinipa na maneno ya kuchomeka: "licha ya upungufu mdogo wa kasi." Maneno hayo siyaweki, na nitaeleza sababu.

Alianza kaunta, akipokea saa za wateja. Ufundi aliupata kwa kutazama mikono ya wengine, na baada ya miaka mitatu wenye mikono hiyo ndio waliokuwa wakimtazama yeye. Jina la Taratibu tulimbandika kwa kejeli, naye akalivaa kama kanga mpya. Siku alipodondosha skrubu ndogo kuliko chembe ya mchanga, alitupigisha magoti mafundi sita kwa saa nzima. Skrubu ilionekana kwenye pindo la suruali ya msimamizi. "Simama hapo hapo, baba," alimwambia, "usije ukaondoka na mali ya mteja."

Sasa nije kwenye hiyo "kasi."

Miaka tisa iliyopita, mkunga mmoja mzee alileta saa ya mfukoni ya marehemu baba yake. Kamani ilikuwa imekatika. Kwa wasio mafundi: kamani ni utepe wa chuma unaojikunja ndani ya kikopo chenye meno, na unapojikunjua ndipo saa inapotembea. Kosa letu sisi mafundi ni kuupima utepe uliokatika na kutafuta pacha wake. Shangazi hakufanya hivyo. Alipima kikopo chenyewe: kina chake, upana wake, na nafasi inayobaki ukiondoa kijiti cha katikati. Kamani ikilala humo ijaze nusu ya nafasi hiyo, nusu ibaki wazi. Hesabu ikamwonyesha kwamba hata ile iliyokatika haikuwa ya saa ile. Kuna fundi wa zamani aliyetia nene kupita kiasi.

Mtu atasema unene wenyewe ni kama wa unywele. Naam, lakini ukiongeza unene wa kamani mara mbili, nguvu yake hupanda mara nane. Nguvu hiyo lazima ipate pa kutokea, na hutokea kwenye meno.

Shangazi akaagiza nyembamba, ikachelewa. Msimamizi akapandisha sauti: "Pima iliyotoka, tia inayofanana nayo! Kuna ugumu gani?" Akajibiwa kwa upole, "Iliyotoka si kipimo, baba. Iliyotoka ndiyo iliyokatika."

Wiki ya tano Shangazi alikwenda likizo kumuuguza dada yake. Msimamizi akaitoa saa kwenye droo ya Shangazi, akampa fundi mwingine, na pacha wa ile nene akatiwa. Siku ya kumi na moja baada ya mkunga kuichukua saa yake, kamani ilipasuka ikang'oa meno matatu ya kikopo. Mkunga akaimwaga saa juu ya kaunta: "Niliwaachia saa ya baba yangu, mnanirudishia vyuma chakavu?"

Kadi ya kazi ilikuwa na jina la Shangazi, basi barua ya onyo ikaandikwa kwake. Uchelewaji na uzembe! Yeye aliyekataa! Aliporudi aliisoma, akatia sahihi ya kupokea, wala hakuuliza ni nani aliyetia ile nene. Akaketi, akachonga meno matatu, moja baada ya jingine, akatia kamani nyembamba iliyokuwa imefika. Saa ile inatembea hadi leo. Mkunga huileta kila mwaka kutiwa mafuta, na hakubali iguswe na mkono mwingine. Barua nayo ilibaki jaladani. Mara mbili ilimnyima cheo cha fundi mkuu, na leo inataka kumsindikiza hadi mlangoni ikijiita "upungufu mdogo."

Fundi yule mwingine ni mimi. Nilijua kamani ile ni nene, niliihisi kwenye vidole nilipokuwa naikunja. Nikaitia, kisha nikanyamaza miaka tisa huku nikinywa chai naye meza moja.

Jumatatu nilipeleka kadi ya kazi ofisini nikiwa nimeandika jina langu juu yake. Nikaambiwa, "Mzee, hayo si yamepita? Funika kombe." Nikasema halifunikwi, na sikutoka. Jana saa nne asubuhi barua ilihamia jaladani mwangu. Nimeitia sahihi ya kupokea.

Ahsante, Shangazi, kwa kila saa uliyoikatalia haraka yetu. Unatoka na jalada safi, kama lilivyostahili kuwa siku zote. Tunakuombea siku njema na ndefu, na asubuhi zisizo na mtu wa kukuharakisha.