Nzisa Kitheka na Ofisi Iliyoifuata Simu

Mhariri mkuu Henry Makokha alitangaza Jumanne kwamba Bi. Nzisa Kitheka, mwandishi wetu wa Machakos, atastaafu Ijumaa, tarehe 29 Septemba 2006, baada ya miaka ishirini na miwili katika gazeti la Nyota ya Athi. Bwana Makokha aliongeza kwamba kituo cha Machakos hakitafungwa. Waliokuwa kazini mwaka 1997 waliangaliana, kwa sababu ni mhariri huyohuyo aliyetaka kukifunga.

Bi. Nzisa aliajiriwa mwaka 1984. Alikuwa mwalimu aliyechoka kusahihisha insha za watoto. Habari yake ya kwanza ilihusu fahali wa Ndithini aliyeingia kanisani katikati ya mahubiri na kukaa hadi sadaka ilipopita. Mhariri wa wakati huo aliuliza fahali alikuwa wa nani. Jibu lilifika kesho yake, pamoja na jina la fahali.

Siku hizo habari za Machakos zilisafiri kwa basi. Bi. Nzisa alizitia kwenye bahasha na kumpa kondakta. Kondakta mmoja alizisoma zote njiani na kuandika maoni yake nyuma ya bahasha. Maoni hayo yaliwahi kuchapishwa kwa makosa, na wasomaji wawili waliyasifu. Habari za haraka alizisoma kwa simu ya kibanda pale posta, huku foleni ikisikiliza. Foleni haikuwa na adabu. "Si diwani huyo, ni chifu!" mtu alimkatiza siku moja, na ilibidi aya nzima isomwe upya.

Mwaka 1996, baada ya kungoja kwa muda ambao watoto wake waliutumia kumaliza shule ya msingi, Bi. Nzisa alipata laini ya simu nyumbani kwake, nje kidogo ya mji, upande wa Mumbuni. Tulidhani shida zimekwisha. Lakini mume wake, Bwana Bartholomew Kitheka, ni mwalimu wa kwaya, na kwaya hiyo ilifanyia mazoezi sebuleni, palipokuwa na simu. Mpiga chapa wetu wa Nairobi aliandika kila alichosikia. Ndiyo sababu toleo moja la mwaka huo liliripoti kwamba ng'ombe arobaini walikuwa wamekufa kwa homa, haleluya.

"Mama, mimi niliajiri mwandishi," Bwana Makokha alimwambia. "Sikuajiri sauti ya nne."

Bi. Nzisa hakubishana na kwaya. Alimwita seremala akamjengea ofisi ya mbao na mabati mwisho kabisa wa bustani, chini ya mistari ya sukuma wiki, mahali ambapo hata besi hazikufika. Ilikuwa na meza, rafu, dirisha na msumari wa kutundikia mkoba. Seremala aliiweka juu ya mawe manne bila kuifunga popote. Alisema hajawahi kusikia ofisi imeibwa.

Kilichobaki kilikuwa kuipelekea simu. Mafundi walikuwa tayari kuvuta waya kutoka nyumbani hadi ofisini, lakini mtaro wa kuufukia ulikuwa juu ya mwenye nyumba. Bi. Nzisa aliahirisha kazi hiyo mara kadhaa, kwanza kwa sababu ya kampeni, kisha kwa sababu ya kipindupindu, kisha kwa sababu ya harusi ya dada yake. Mapema Septemba 1997 hakuweza kuahirisha tena. Kampuni ya gazeti ilikuwa inapunguza vituo vya mashambani, na Bwana Makokha alimpa sharti moja.

"Ijumaa saa nne asubuhi nitapiga simu kwa hiyo ofisi yako mpya," alisema. "Ukishika, unabaki Machakos. Usiposhika, Jumatatu uko hapa Nairobi na sisi."

Mama yake mzazi alikuwa amelala mgonjwa katika chumba cha pili cha nyumba ile, na Bi. Nzisa ndiye aliyemlisha asubuhi na jioni. Kwake, kuhamia Nairobi kulikuwa na maana moja tu: kuacha kazi.

Jumatano alipaswa kuwa Kinanie kwenye mkutano wa wafugaji. Kabla ya kuondoka alikiomba kikundi chake cha mwethya, yaani majirani wanaosaidiana kazi za shamba kwa zamu, kichimbe mtaro kutoka ukuta wa nyumba hadi ofisini. Kiongozi wao alikuwa Munyiva, mwanamke ambaye amechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko kwenye vilima vya Machakos tangu akiwa msichana, na ambaye hunena kama mtu anayezungumza na kilima cha pili. Fundi wa simu, Bwana Mbithi, aliambiwa aje alasiri, aufuate mtaro, alaze waya chini kabisa na kuufunika kwa udongo kidogo.

Bi. Nzisa alirudi jioni akakuta kazi imekamilika. Mtaro ulikuwa wa kupendeza, wenye kingo zilizonyooka na udongo uliopangwa upande wa juu. Ulianza vizuri kwenye ukuta wa nyumba. Kisha, badala ya kushuka kwenda ofisini, ulikata kushoto, ukazunguka mteremko bila kupanda wala kushuka, ukapita mipapai na kuishia kwenye mpaka wa jirani, Bi. Kamanthe. Hapo palikuwa na nguzo, na kwenye nguzo kisanduku cha simu, mwisho wa waya. Ofisi ilikuwa kule chini, peke yake.

"Munyiva, ofisi iko huko chini," alisema. "Hii mtaro inaenda kwa Kamanthe."

"Mama Wesley, mtaro haiteremkangi," Munyiva alimjibu. "Tukichimba ya kushuka, mvua moja tu, shamba yako yote iko ndani ya bwawa ya Masinga."

"Lakini ni ya simu!"

"Sasa maji itajuaje ni ya simu?"

Wanakikundi wengine walitikisa vichwa. Walikuwa wameupima mtaro kwa kamba na pima maji kama walivyopima mingine yote, na hakuna aliyeona sababu ya kuharibu shamba la mtu kwa ajili ya waya.

Bwana Mbithi alikuwa bado anakusanya vifaa vyake. "Mimi nimefuata mtaro, mwaitu," alisema, akimwita mama kwa heshima. "Nimejaribu laini, iko sawa kabisa. Shida ni ofisi yako imekaa mbali." Waya wote ulikuwa umeishia ardhini. Mwingine ungetoka bohari, na bohari ingehitaji wiki tatu.

Alhamisi ilipita kwa mashauri. Bwana Bartholomew alipendekeza mke wake akae chini ya nguzo na mwavuli, ashike simu, na aseme yuko ofisini. Bi. Nzisa alikataa. Mhariri alisema ofisi, na yeye hakuwa amewahi kumpa mhariri habari ya uongo. Hakuona kwa nini aanzie na hiyo. Bwana Bartholomew alipendekeza tena, safari hii na kiti.

Munyiva hakupendekeza kitu. Alishuka hadi ofisini, akaizunguka, akalipiga teke jiwe moja.

"Kwani hii ni nini?" aliuliza. "Si mbao na mabati tu? Tulibeba tangi ya kanisa kutoka barabara mpaka juu."

Ijumaa asubuhi wakafika wanawake wa mwethya, na Bwana Bartholomew akaja na sauti zote za kiume za kwaya. Waliipitishia miti ofisi chini ya sakafu, wakainua. Bi. Nzisa alikuwa ndani. Alisema taipureta haiachwi peke yake, na rafu lazima ishikwe na mtu.

"Mama Wesley, toka, unatuongezea uzito!" Munyiva alipiga kelele.

"Mimi ni mfanyakazi wa ofisi hii!" ilijibu ofisi, ikipita katikati ya sukuma wiki.

Besi ziliimba hesabu ya hatua na wabebaji wa mbele wakafuata mdundo. Wa nyuma walikuwa na mdundo wao. Mara mbili ofisi iliinama kiasi cha kumwaga kalamu dirishani. Walipofika karibu na mipapai, simu ililia. Bwana Mbithi, aliyefika kutazama laini yake, alikuwa ameiunganisha kwenye kisanduku na kuitundika juu ya nguzo. Ilikuwa saa nne kamili. Bi. Kamanthe, aliyekuwa amesimama kwenye mahindi yake akishangaa nyumba inayomjia, alinyoosha mkono aipokee.

"Mtu asiguse!" Bi. Nzisa alipaza sauti kutoka dirishani. "Kamanthe, tafadhali! Sukumeni!"

Hatua za mwisho walizimaliza mbio. Ofisi ilitua kwa kishindo, dirisha likielekea nguzo, na Bi. Nzisa akanyoosha mkono nje akashika simu.

"Nyota ya Athi, ofisi ya Machakos," alisema.

"Hiyo kelele ni ya nini?" Bwana Makokha aliuliza. "Tulikubaliana hakuna kwaya."

"Kwaya iko nje, bwana mhariri. Mimi niko ofisini."

"Mguu wangu! Inueni, iko juu ya mguu wangu!" alilia mtu wa sauti ya tatu, ambaye sasa anatembea vizuri.

Bwana Makokha aliomba aya tatu za mkutano wa Kinanie. Bi. Nzisa alimsomea tano, na ofisi haikuhama tena.

Ilibaki shauri la mpaka, maana mlango ulifungukia mahindi ya Bi. Kamanthe. "Umenijengea hata bila hodi?" alimuuliza. Walipatana kwa chai: ofisi itakaa, na kila Jumapili Ndinda, binti wa Bi. Kamanthe aliyekuwa akifanya kazi Athi River, atampigia mama yake hapo. Kwa miaka mingi, yeyote aliyepiga simu kituo cha Machakos siku ya Jumapili alipewa kwanza hali ya mahindi.

Mwezi uliofuata zikaja mvua kubwa, zile ambazo watu bado wanazihesabia umri wa watoto wao. Barabara zilikatika, na mahali ofisi ilipokuwa mwanzo pakawa bwawa lenye vyura. Mtaro wa Munyiva ulijaa maji na kuyashika. Simu ilisikika kama mandazi yanayokaangwa, lakini haikukatika, na Bi. Nzisa alituma habari kila siku. Waandishi wa magazeti mengine walipanga foleni dirishani kwake. Aliwaruhusu, akishamaliza zake, na hakuharakisha. Munyiva alipita kila asubuhi kuutazama mtaro wake, na kuwaeleza waliokuwa kwenye foleni ni nani aliyeuchimba.

Miaka iliyofuata Bi. Nzisa aliandika mfululizo wa habari za uchimbaji mchanga mitoni, ambao kwa ajili yake alihesabu malori akiwa ameketi kando ya barabara kama muuza mahindi ya kuchemsha. Mahindi yaliisha kabla ya malori. Alifunza waandishi vijana watatu, na wote watatu hadi leo hawawezi kuandika "inasemekana" bila kutazama nyuma. Simu ya mkononi aliinunua mwaka 2001, lakini pale kwake ilipata mtandao tu mtu akisimama karibu na ng'ombe wa Bi. Kamanthe, ambaye hapendi kusimamiwa. Mama yake alifariki mwaka 2000, nyumbani, binti yake akiwa kando yake.

Tunamshukuru Bi. Nzisa kwa miaka ishirini na miwili ya habari zenye majina sahihi, yakiwemo ya mifugo. Tunamtakia afya, mvua za kiasi, na asubuhi nyingi ambazo hakuna mhariri upande wa pili wa simu.

Nafasi yake inachukuliwa na Bi. Emily Mumo, mmoja wa wale watatu. Bwana Makokha alimuuliza kama angependa kuanzia Nairobi, penye meza, lifti na chai ya saa nne. Bi. Emily alimjibu kwamba tayari amepatana na Bi. Nzisa kuhusu ofisi ya bustanini na ameshapeleka vitabu vyake. Anaanza kazi Jumatatu, tarehe 2 Oktoba, saa mbili asubuhi, Machakos.