Pepo Aliyeogopa Mfereji

Bwana asifiwe, watu wa Isiolo! Asifiwe na mwenye nguvu na aliyeletwa hapa amebebwa! Mimi ni Mama Halkano wa Rapsu, mkulima wa vitunguu. Mnaonijua mnajua mdomo wangu haunyamazi bila kuuliza, na leo nimekuja na maswali pamoja na shukrani.

Ndugu zangu, miaka ya sabini ikiisha, mwili wangu ulianza kunichezea. Asubuhi nilikuwa mzima kabisa, napalilia nikiimba. Jua likipanda miguu inakuwa mizito, jicho la kulia linaona ukungu, na nakaa chini katikati ya vitunguu kama mzigo. Jioni uzima wangu unarudi! Mume wangu aliona nafanya makusudi. "Asubuhi ulipalilia mistari mitatu, sasa miguu imeenda wapi?" Iliniuma sana, maana hata mimi nilijiuliza hivyo hivyo.

Mama mkwe ndiye aliyenihurumia. Alisema ni pepo. Akachimba shimo ndani ya nyumba, akaweka makaa na vijiti vya mti wenye harufu nzuri, akanikalisha juu na kunifunika nguo hadi shingoni. Sisi Waborana tunaita qayya. Wanawake wetu hukalia moshi huo, na ni kitu cha heshima. Nilitoka jasho mpaka vidole vya miguu. Nilipoinuka sikuona mlango, na miguu haikunibeba. Mama akashangilia: pepo amekasirika, ongezeni makaa! Wiki baada ya wiki tuliongeza, na hali ikazidi kuharibika. Mwishowe mume wangu akasema mwezi ukiandama atanirudisha kwa wazazi wangu Kulamawe, na watoto watabaki. Ndugu zangu, wa mwisho nilikuwa bado namnyonyesha! Nililia mbele za Mungu nikisema, chukua miguu, niachie watoto.

Mungu akajibu kwa njia yake. Mchana mmoja nilikuwa najikokota ukingoni mwa mfereji wa kumwagilia shamba, nikaanguka ndani. Maji yalikuwa baridi kweli. Sikuweza kutoka, nikakaa humo nikiomba. Baada ya muda nikaona kitunguu. Kisha majani yake. Kisha nikasimama!

Mwingine angepiga vigelegele akaenda nyumbani. Mimi nikauliza: pepo gani huyu anayependa moto na kuogopa maji? Kesho yake nikakaa juani, miguu ikapotea. Nikaingia mfereji, ikarudi. Nikarudia siku tatu. Ndipo nikamwambia mume wangu, kabla hujanirudisha, nipeleke hospitali.

Daktari alinisikiliza, hakucheka. Akaniweka kwenye beseni kubwa la maji moto, mume wangu amesimama pale pale. Jicho likafifia, miguu ikalegea. Akanipoza, nguvu zikarudi. Akatueleza kwamba ndani ya ubongo na mgongo kuna mishipa ya kupeleka habari, nayo imefunikwa kama waya wa umeme unavyofunikwa mpira. Kifuniko changu kimechubuka, na joto likiingia habari zinapotea njiani. Ugonjwa huu ni nadra huku kwetu, akasema, na dawa ya kuumaliza hana. Lakini mara nyingine mwili wenyewe huziba palipochubuka kwa kifuniko kipya, chembamba, na habari zikapita tena.

"Nani ameufundisha mwili kuziba?" nikamuuliza.

"Mama, hata sisi bado tunatafuta."

Haleluya! Mwalimu namjua. Somo lenyewe ndilo nataka kulisikia!

Tulipofika nyumbani mume wangu hata hakukaa. Akafukia lile shimo kwa mikono yake. Mama mkwe akalia, "Kumbe nilikuwa nakupika, mwanangu." Nikamkumbatia. Hakuna aliyenipenda kuliko yeye.

Sijapona kabisa, sitawadanganya. Mguu wa kushoto bado unaburuta. Lakini napalilia alfajiri, mchana nakaa kivulini na kitambaa chenye maji kichwani, na watoto wangu wako nami. Mtumainieni Mungu huyu, na hospitali msiiogope. Na kama hapa kuna mama anayeitwa mvivu kwa sababu mwili wake unamwacha jua likipanda, asimame sasa. Asipoweza kusimama, ainue mkono tu. Nitamfuata hapo alipo.