Celestini Ruhuza na Gitaa Lake la Soul, 1953–2025

Maneno haya ni yangu mimi Kalista, dada yake. Anayesoma ni Joyness, binti yake, maana mimi na herufi hatukupatana tangu darasa la pili. Kamati ya mazishi imeniomba nisitaje naiti klabu. Nimekataa.

Marehemu Celestini alizaliwa Murusagamba tarehe 14 Machi 1953. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni.

Alisoma hapa hapa hadi darasa la saba, 1968. Mwaka huo alitengeneza gitaa la debe, nyuzi akachomoa kwenye breki za baiskeli ya baba. Baba alizikumbuka breki akiwa katikati ya mteremko.

Mwaka 1972 aliondoka na bendi iliyopita Ngara mjini. Alipiga muziki wa soul Bukoba, Mwanza, Nairobi mpaka Bujumbura, miaka kumi na minne, na suruali zake za bugaluu na viatu vya raizoni, vile vya soli nene. Agosti 1976 baba alinituma Mwanza nikamrudishe. Nilimkuta Jumapili alasiri kwenye bugi, ndilo dansi lao la mchana. Niliingia na kikapu changu cha maharage nikiwa na maneno makali tayari.

Ndugu zangu, sikuyasema. Nilisikia mwanamke analia kwa wimbo, nikamtafuta, sikumwona. Kumbe ni gitaa, ni vidole vya mtoto wetu! Jibaba zima pembeni yangu lilishika chupa bila kunywa, machozi yanashuka. Mpaka leo mwili unanisisimka.

Akaniona. Akasema kwenye kipaza sauti, "Shikamoo, dada Kalista!" Ukumbi mzima ukageuka. Niliona aibu, nikajifunika kitenge, nikatoka. Sikuitikia. Nyumbani nikamwambia baba kwamba Celestini anapiga kinanda kanisani. Baba alikufa akiamini hivyo, na ninyi wote mkaamini.

Alirudi 1986. Mwaka uliofuata alifunga ndoa Biharamulo na Benedicta wa Bisibo. Alilima migomba, akafundisha kwaya. Wanakwaya walimtania, "Mwalimu, huko kanisani Mwanza ndiko mlikotikisa mguu hivyo?" Alicheka tu. Hakunisuta hata siku moja.

Kisukari kilimpata 2019, vidole vya kushoto vikafa ganzi. Alifariki tarehe 2 Juni 2025, asubuhi, nikiwa pembeni. Usiku wa kuamkia siku hiyo aliniuliza, "Dada, kule Mwanza ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Basi waambie."

Nimewaambia. Hakuwa kanisani. Alikuwa kwenye kumbi za soul, na mimi sijasikia tena kitu kama kile.

Ameacha mjane, watoto watatu, Renatus, Joyness na Wiston, wajukuu saba, na mimi.

Hapa Joyness anyamaze, niseme mwenyewe.

Marahaba, mdogo wangu. Marahaba. Sasa pumzika kwa amani.