Digri Quarante-Deux za Muzee Ntirenganya

Asubuhi moja, muzee Ntirenganya alifika kwenye benchi la kahawa la mama Asumini, pale mtaa wa Majengo, bahasha ya hospitali kwapani. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu wamtoe nyonga iliyochakaa na kumwekea ya chuma, yenye kikombe kinachoshika mfupa wa paja, na leo walikuwa wamempiga radio, ile picha ya ndani ya mwili, waone mifupa na chuma vimekaaje. Daktari alichora mistari miwili juu ya picha, akaandika 42°, akasema ni vizuri. Lakini muzee alikuwa mchungaji wa ng'ombe wa Masisi, hakupenda kuambiwa vizuri bila kuelewa. Akawaonyesha wenzake wa kila siku: Namegabe, mwashi waliyemwita Timazi, na Swedi Kardani, dereva wa lori.

Timazi aliinua picha juani.

— Muzee, hii kikombe imelala. Mimi ukuta wangu ukiinama digri mbili tu, mwenye nyumba ananifukuza. Wewe uko na quarante-deux.

— Daktari anasema iko bien.

— Daktari hajajenga hata choo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

— Ufa iko wapi? akauliza Swedi. Hii ni parallélisme. Gurudumu ikikaa vibaya, gari inavuta upande mumoja. Muzee atatoka hapa akienda kanisani, atajikuta kule mbali Kibumba.

— Sasa nifanye nini?

— Waikunje tena. Samaki mkunje angali mbichi.

— Mimi si samaki, Swedi.

— Na hii volkano ya juu ya muji je? akaongeza Timazi. Chini yake kuko chuma mingi. Itakuvuta kama sumaku.

Muzee aliwaza ng'ombe wake sita kule kilimani, akauona mguu wake kama wa kuazima.

Ndipo akaja kunywa kahawa Bénita, yule anayewafundisha wagonjwa kutembea hospitalini. Akaitazama picha.

— Mustari huu unafuata mifupa ya kiuno, ule mudomo wa kikombe. Kati yake tunatafuta digri karibu quarante, na yako iko pale pale. Kikombe ikisimama sana, mufupa unaweza kuchomoka. Papa, ulitoka kwako Mabanga mpaka hapa na nini?

— Na miguu.

— Ikakuuma fasi gani?

Muzee alijipapasa kiunoni, akatafuta mpaka kwenye goti. Swedi akakoroga kahawa yake. Timazi akaigeuza picha juu chini, akaanza kupatafuta pale panapouma.

— Nirudishie picha yangu, Namegabe, muzee akasema taratibu, akasimama bila kushika benchi.